Kitanda Hakizai Haramu: Mirathi katika Riwaya za Mji Mdogo

Mzee Peter Featherstone yuko sakaratini, usiku, nyumbani kwake Stone Court, na ufunguo ameushika mkononi. Ameandika wasia mara mbili, na sasa anataka mmoja uchomwe moto kabla hakujapambazuka. Anayemuuguza ni Mary Garth, msichana fukara ambaye shangazi yake ndiye aliyekuwa mke wa kwanza wa mzee huyu. Mzee anamwahidi fedha, anambembeleza, anamfokea. Mary anakataa katakata kugusa kasha. Kunakucha mzee ameshakufa, na kijana Fred Vincy, ambaye wasia wa awali ulimpa pauni 10,000, anabaki mikono mitupu. Ardhi inakwenda kwa Joshua Rigg, mtoto wa nje ya ndoa ambaye jamaa wengi wanamwona kwa mara ya kwanza siku ya mazishi.

Hayo yamo katika Middlemarch, riwaya ya George Eliot iliyotoka kwa mafungu manane kati ya Desemba 1871 na Desemba 1872. Msomaji aliyekulia Pemba, Lamu au Sur akifika hapo, huenda swali la kwanza litakalomjia likawa la kisheria: yawezekanaje? Marehemu hana mtoto wa ndoa, lakini ndugu zake wa damu, wanaume kwa wanawake, wamejaa sebuleni. Kadhi gani angeikubali karatasi inayowaruka wote hao?

Swali hilo ndilo ninalotaka kulifuata. Riwaya za mji mdogo zinafanana popote ziandikwapo: mkopeshaji ni shemeji wa mdaiwa, daktari ni mkwe wa mgonjwa, na mtu hawezi kuanguka bila kuwaangukia jamaa zake. Tumezoea kuyaeleza matatizo ya koo hizo kwa tabia za wahusika: wivu, tamaa, umbeya, ukatili wa wazazi. Dai langu ni kwamba kabla ya tabia kuna sheria. Kanuni ya mirathi ya mahali ndiyo inayoamua ugomvi utapiganiwa wapi. Pale ambapo mtu yu huru kuandika wasia apendavyo, ukoo hupigania karatasi, na tukio kubwa la hadithi hutokea kwenye kitanda cha kufia. Pale ambapo mafungu yamekwisha kupangwa na Kitabu, karatasi ina nguvu kidogo. Ukoo hupigania damu, nani ni mtoto wa nani, na tukio kubwa hurudi nyuma hadi kwenye kitanda cha kuzalia. Nitalipima dai hili kwa riwaya za Uingereza, Zanzibar na Oman, kisha nilipeleke kwenye mji mmoja wa Kolombia ambako linapata upinzani.

Ukoo chini ya karatasi

Sheria ya Uingereza ya wakati wa Eliot ilimwachia mwenye mali uhuru mkubwa ajabu. Aliweza kuwaruka watoto wake na ndugu zake, akampa chake amtakaye. Kizuizi cha maana kilikuja mwaka 1938 tu, Bunge lilipopitisha sheria iliyowaruhusu wajane na watoto waliosahauliwa kwenda mahakamani kuomba matunzo kutoka katika mali ya marehemu. Eliot aliiweka hadithi yake kati ya 1829 na 1832, na anauonyesha uhuru huo ukiwafunga watu: kwa kuwa lolote laweza kuandikwa, jamaa wote wanaishi kwa kumsoma mzee usoni.

Tazama uhuru huo unavyosambaa. Wakati wa ugonjwa wa Featherstone, nduguze wanapiga kambi Stone Court, wanakula vyakula vyake na kuchungana wao kwa wao. Fred, ambaye mama yake mkubwa au mdogo yeyote mjini angekuambia ni tajiri wa kesho, amekopa kwa kutegemea kifo hicho, na mdhamini wake ni Caleb Garth, baba yake Mary. Deni linapoiva Fred hana kitu. Akiba ambayo mama Garth aliiweka ili mtoto wake wa kiume akafunzwe kazi inakwenda kwa mdai, na pamoja nayo vijisenti vya Mary. Wasia ambao hakuna aliyeusoma umeifukarisha nyumba ambayo haimo ndani yake.

Kisa cha Casaubon ni kibaya zaidi. Msomi huyu mzee aliyemwoa Dorothea Brooke anaogopa kwamba akifa, mjane wake ataolewa na Will Ladislaw, kijana jamaa yake. Anaongeza kipengele kwenye wasia: Dorothea akiolewa na Ladislaw, mali yote ya marehemu inamtoka. Hivyo mume anaendelea kumwonea mke wivu akiwa kaburini, na mji mzima unapata la kusema, kwani sharti lile linadokeza jambo ambalo halikuwahi kutokea. Na kwa nini Ladislaw ni maskini? Kwa sababu bibi yake, dada wa mama yake Casaubon, alinyimwa urithi kwa kuolewa na mwanamume ambaye familia haikumtaka. Vizazi viwili vya umaskini vimetoka kwenye uamuzi mmoja wa kutoandika jina.

Halafu yuko Bulstrode, mwenye benki na mcha Mungu wa kujionyesha. Zamani alimwoa mjane tajiri aliyekuwa akimtafuta binti yake aliyetoroka. Bulstrode alijua binti yuko wapi, akanyamaza, na mali ikamwangukia yeye. Mtoto wa binti yule ni Ladislaw huyo huyo. Anayeijua siri ni mlevi Raffles, baba wa kambo wa Joshua Rigg. Rigg ndiye aliyeiuza Stone Court kwa Bulstrode, na kwa njia hiyo Raffles akafuata harufu hadi mlangoni. Bulstrode amemwoa dada wa Mzee Vincy. Binti wa Vincy, Rosamond, ni mke wa daktari Lydgate, na Lydgate amechukua fedha za Bulstrode. Siku Bulstrode anapoumbuliwa mkutanoni mbele ya wakubwa wa mji, daktari naye anachafuka, na nyumba ya Vincy inainamisha kichwa.

Katika mtafaruku wote huu, jambo moja halibishaniwi kwa uzito: nani ni mtoto wa nani. Rigg kuwa mtoto wa haramu ni habari ya kunong'onwa tu, kwa sababu haibadilishi kitu. Baba amemwandika, basi. Damu bila karatasi haina faida, na karatasi inatosha bila heshima ya ndoa. Zaidi ya hapo, mwanamke aliyeolewa alikuwa mnyonge mbele ya karatasi zote mbili, ya ndoa na ya wasia, kwani kabla ya sheria za 1870 na 1882 mali nyingi ya mke iliingia mkononi mwa mume. Mume mwovu wa riwaya ya Kiingereza hakuhitaji hila ili ale mali ya mkewe. Sheria ilikuwa imekwisha kumwandalia meza.

Mafungu yaliyokwisha kupangwa

Hamia sasa mwambao wa Afrika Mashariki, au ng'ambo ya bahari huko Oman. Sura ya Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imewataja warithi na mafungu yao: mtoto wa kiume hupata sehemu ya watoto wawili wa kike, mjane hupata thumuni penye watoto. Wasia hauvuki thuluthi ya mali, na haumfai aliye mrithi mpaka warithi wenzake waridhie. Featherstone angekuwa mtu wa Wete, Rigg angeweza kutoka na thuluthi. Theluthi mbili zilizobaki zingegawanywa kwa nduguze wale wale waliokuwa wakila vyakula vyake.

Matokeo yake kwa mtunzi wa hadithi ni makubwa. Baba hawezi kumnyima mwanawe kwa kalamu. Akitaka kumnyima, njia iliyobaki ni kumkana: kusema huyu si wangu. Na njia hiyo nayo imezungushiwa ukuta. Wahenga wetu waliifupisha kanuni ya mafakihi kwa maneno matatu, kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda, hata majirani wakiona sura ya jirani. Mume anayemkana hana budi kwenda kula kiapo cha liani, mke naye ale chake, na ndoa ivunjike hapo hapo. Kwa upande wa pili, mtoto wa nje ya ndoa hamrithi baba, hata akiwa amefanana naye kama nusu ya ndizi na nusu yake.

Katikati ya hao wawili alikuwepo mtoto wa suria. Bwana aliyezaa na mjakazi wake akamkubali mtoto, mtoto huyo alikuwa huru na alirithi sawa na watoto wa mke, na mama yake hakuuzika tena. Kanuni hii ndiyo iliyoujaza mji wa Unguja watoto wa baba mmoja na mama wa rangi na lugha mbalimbali. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, watoto waliomrithi walikuwa wa masuria, na mmoja wao, Sayyida Salme, ameacha kumbukumbu iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mama yake alitoka Sirkasia. Ukoo huo wa kasri chache ulitosha kuwa mji mdogo: mwaka 1859 Salme aliwaandikia barua waliomuunga mkono kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine, Majid. Asili ya mama yake haikumpunguzia fungu. Lililomkata ni jambo jingine. Mwaka 1866 alitoroka, akabatizwa Aden na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na aliporejea Unguja mwaka 1885 kudai urithi kwa ndugu zake waliokufa, Barghash, sasa Sultani, hakukubali kumwona. Aliyeacha dini hamrithi Mwislamu. Salme angekuwa Mwingereza wa Middlemarch angetafuta jina lake katika wasia. Unguja alitakiwa aonyeshe yeye ni nani.

Ndiyo maana hata siku za mwisho za utumwa zilikuwa na mkanganyiko wake. Amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar iliwaacha masuria kando, na iliwabidi wangoje hadi 1909. Serikali iliona kuwa kumtoa suria kulikuwa kuigusa nasaba, na kuigusa nasaba kulikuwa kuzigusa nyumba, mashamba na majina.

Mtoto wa kitandani aliyekanwa

Mohamed Suleiman Mohamed alichapisha Nyota ya Rehema mwaka 1976. Rehema ni binti wa Fuad, Mwarabu mwenye mashamba, na mkewe Aziza. Anazaliwa mweusi. Rangi ya ngozi inatosha kumfanya baba amshuku mama, na mtoto anakua akiwa mgeni katika nyumba iliyokuwa haki yake: bila mama, chini ya mama wa kambo, mpaka anatoroka na mji unampokea kama unavyowapokea wasichana wasio na kwao. Baadaye anaolewa na Sulubu, mkulima, na wawili hao wanaitolea jasho ardhi ya Ramwe. Baba anapokufa, warithi wanaitaka, na Rehema na mumewe hawana karatasi ya kuwalinda. Ugomvi huo unamwishia Sulubu vibaya.

Ukisoma kwa haraka utasema hii ni riwaya ya ubaguzi wa rangi na matabaka, na ndivyo wengi walivyoisoma, hasa kwa kuwa ilitoka baada ya Mapinduzi ya 1964 na ugawaji wa ekari tatu tatu. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaacha kitu. Kosa la Fuad ni la kisheria kabla halijawa la kitabaka. Mtoto amezaliwa kitandani mwake. Fuad hana ushahidi, haendi kula liani, anatumia jicho lake na kinywa chake tu, na mji unakubali. Kumkana mtoto kwa njia ya mchepuo ndiko kunakofanya kazi ambayo Middlemarch ingefanywa na wakili kwa dakika kumi. Kwa sababu baba hawezi kumfuta binti kwenye mafungu, anamfuta kwenye ukoo, na kufutwa huko kunachukua maisha mazima ya msichana na zaidi ya nusu ya riwaya.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, inatuonyesha upande wa mke. Maksuudi ni mheshimiwa mjini, mwanasiasa anayemfungia mkewe Tamima na binti yao Maimuna ndani ya nyumba. Zamani alimwoa Mwanasururu kwa ajili ya mali yake, akamfilisi na kumwacha aharibikiwe. Hapa tofauti na Uingereza inasimama wazi. Mwanamke Mwislamu ana mali yake na hubaki nayo akiolewa. Mume hana haki nayo. Basi anayeitaka lazima adanganye. Mume mwovu wa riwaya ya Kiswahili ni tapeli kwa sababu sheria haikumpa njia ya mkato. Haki ya mwanamke, pale ambapo hakuna wa kuisimamia, inageuka chambo cha kumvutia mwindaji, na hilo ni jambo ambalo wahubiri wa haki hizo hawalisemi mara nyingi.

Nyumba ya mfanyabiashara Sulayman

Jokha Alharthi alichapisha Sayyidat al-Qamar mwaka 2010, na mwaka 2019 ikawa riwaya ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiarabu kupata tuzo ya kimataifa ya Man Booker, kwa tafsiri ya Marilyn Booth. Mji ni al-Awafi, wa kubuni, ndani ya Oman. Dada watatu, Mayya, Asma na Khawla, ni mabinti wa Azzan na Salima. Mayya anampenda kimyakimya mwanamume mmoja na anaozwa mwingine, Abdallah, mwana wa mfanyabiashara Sulayman. Binti yao wa kwanza anampa jina London. Khawla anamngoja binamu yake Nasir, aliye Kanada. Nasir anarudi, na kinachomrudisha ni urithi. Anamwoa Khawla na kwenda zake tena kwa mwanamke wake wa huko.

Lakini moyo wa riwaya uko kwa Zarifa. Ni mtumwa aliyezaliwa na mtumwa, na Alharthi amemfanya azaliwe siku ile ile ya Septemba 25, 1926, mkataba wa kukomesha utumwa ulipotiwa saini Geneva. Zarifa ni mpenzi wa Sulayman na ndiye mlezi wa Abdallah baada ya mama mzazi kufa kifo kisichoelezeka, kifo kinachozungukwa na minong'ono ya kichaka cha mrehani. Bwana anamwoza Zarifa kwa Habib, na mtoto wake Sanjar ni wa Habib. Kwa hiyo Sanjar na Abdallah wamekua chini ya mkono wa mama mmoja, wamefanya utundu pamoja, lakini mmoja anarithi nyumba na mwingine hana hata kijiti. Oman iliondoa utumwa mwaka 1970. Sanjar anakwenda Kuwait. Abdallah anabaki na mali na majinamizi, akizungumza nafsini mwake ndani ya ndege iendayo Frankfurt.

Msomaji wa Zanzibar anaielewa nyumba hiyo upesi, kwa sababu ni nyumba yetu ya zamani. Tofauti iko katika mahali mwandishi anapoliweka jeraha. Kwa Mohamed Suleiman, dhuluma ni kuvunjwa kwa kanuni: Rehema alistahili, akanyimwa. Kwa Alharthi, kanuni inafuatwa barabara na dhuluma bado ipo. Hakuna aliyempora Sanjar fungu, kwa kuwa hakuwa nalo. Aliyemlea mrithi hakuwa mke wala mama wa mtoto wa bwana. Alikuwa kila kitu ndani ya nyumba na si kitu mbele ya kadhi. Kwa maoni yangu hilo linaifanya riwaya ya Oman kuwa kali kuliko zetu. Sisi tumemshitaki baba mbaya. Alharthi ameyashitaki mafungu yenyewe kwa niaba ya wale ambao hayakuwaona.

Anayejua ni nani?

Kila mji mdogo una mtu anayeujua ukoo kuliko wenye ukoo, na kazi ya mtu huyo inathibitisha dai langu kuliko nadharia yoyote. Katika Middlemarch ni Mary Garth, muuguzi wa anayekufa. Katika Utengano ni Biti Farashuu, mkunga, mama yake Mwanasururu aliyefilisiwa. Maksuudi amemfungia mkewe mlango, lakini uchungu wa kuzaa hauombi ruhusa. Tamima anahitaji mkono wa mwanamke, na mkono unaokuja ni wa Farashuu, mtu mwenye sababu zote za kumchukia mwenye nyumba. Katika al-Awafi ni Zarifa, aliyelala kitandani mwa baba na kumbeba mwana mgongoni.

Muuguzi analinda karatasi, mkunga analinda asili. Mary ana nguvu kwa usiku mmoja, na nguvu zake zote ni kukataa. Farashuu ana nguvu kwa miaka, kwa sababu anachokijua hakichomwi moto. Wote watatu ni wanawake, na hakuna hata mmoja anayetegemea fungu. Waandishi wa tamaduni tatu wamewapa ukweli watu wasiorithi. Sidhani ni sadfa. Mrithi ana sababu ya kusahau.

Umbeya wa mji nao hufuata sheria hiyo hiyo. Middlemarch wanazungumzia kiasi: nani ameandikiwa ngapi. Katika mitaa ya riwaya zetu wanazungumzia sura: mtoto huyu kachukua wapi pua hii? Ni umbeya uleule, unaolenga pale penye mwanya.

Mji usiogombania urithi

Kuna mji mmoja unaonizuia kudai kwamba kanuni hii inafungua milango yote. Katika Crónica de una muerte anunciada, riwaya fupi ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1981 iliyotokana na mauaji ya kweli ya mwaka 1951 huko Sucre, Kolombia, Bayardo San Román anamrudisha bibi arusi Ángela Vicario kwa wazazi wake usiku wa ndoa kwa sababu hakumkuta bikira. Anapoulizwa, Ángela anamtaja Santiago Nasar. Kaka zake mapacha wanautangazia mji kwamba watamuua, karibu kila mtu anajua, na wanamuua. Msimulizi mwenyewe ni binamu wa Ángela na rafiki wa Santiago. Anarudi miaka mingi baadaye kuwahoji jamaa zake kuhusu jamaa zake.

Hakuna anayegombania nyumba hapa, wala wasia, wala nasaba ya mtoto. Kitanda kinachohusika ni cha arusi. Wenzake Ángela walikuwa wamemfundisha namna ya kulighushi shuka, naye akakataa. Wanawake wa pwani yetu hawahitaji maelezo marefu: kisarawanda ni kitambaa hicho hicho, na kungwi wetu anaijua hofu hiyo. Yaelekea, basi, kuna migogoro ya ukoo ambayo haitoki kwenye mirathi hata kidogo, na heshima ni mali inayojitegemea, yenye warithi wake na wanyang'anyi wake. Hata hivyo mji wa García Márquez unakubaliana na ile mingine katika jambo moja. Santiago hakuuawa na siri. Aliuawa na habari ambayo watu walikuwa nayo, na kila mmoja akadhani jamaa mwingine ameshaifikisha.

Hukumu

Faida ya kuzisoma tamaduni hizi pamoja ni kwamba zinatuzuia kulaumu tabia peke yake. Fuad na Casaubon ni wanaume wa aina moja: wenye wivu, wenye mali, wanaoiamini hofu yao kuliko mke aliye mbele yao. Mmoja akapewa kalamu na mwingine akapewa ulimi, na kila mmoja akatumia silaha aliyopewa. Ukimhamisha Fuad Uingereza, Rehema angekanwa kwa mstari mmoja wa wino. Ukimleta Casaubon Pemba, angelazimika kumsingizia Dorothea jambo kubwa zaidi.

Miji yetu haikukosa akili ya kujikinga. Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba anapoolewa, pengine kando ya nyumba ya wazazi, na wikio likaunganisha nyumba mbili juu ya kichochoro. Hiyo ni hiba iliyokamilika: mtoaji yu hai, mpewaji ameshika funguo, mashahidi wanapita chini kila siku. Rehema angekuwa na nyumba ya namna hiyo, riwaya isingekuwepo.

Na mjadala haujafungwa. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa na baba Mwislamu hawapaswi kunyimwa urithi wake kwa sababu tu ya hali ya kuzaliwa kwao. Wapo viongozi wa dini walioupinga uamuzi huo vikali, na wapo walioupokea kama haki iliyochelewa. Kwa mtunzi wa riwaya, maana yake ni kwamba mlango uliokuwa umefungwa kwa karne nyingi sasa una wabishani pande zote mbili, na mji mdogo wa pwani ya Kenya una ugomvi ambao Mohamed Suleiman na Said Ahmed hawakuweza kuuandika.

Ombi langu kwa waandishi wetu ni hili: acheni kidogo baba katili na mama wa kambo, mwende mkakae mahakama ya kadhi siku za mashauri ya mirathi, msikilize watu wanavyoapa kuhusu damu yao. Na kwa wahakiki: kabla ya kuuliza mhusika ana tabia gani, ulizeni sheria ilimwachia njia ipi. Riwaya ya ukoo ambayo haijui mgawanyo wa mali ya ukoo huo itabaki hadithi ya ugomvi tu.